Kisu Kilichokataa Kunoleka

Harufu ya chuma kilicholowa maji hainipi raha mpaka leo. Nikiinusa tu, hata jikoni kwangu hapa Kihonda, najiona niko kwa bibi, juu milimani Uluguru, nimechuchumaa kwenye jiwe la mtoni nanoa kisu kisichotaka kunoleka. Nilikuwa darasa la sita, na likizo ile sikutulia hata kidogo. Baba alikuwa amepata kazi kiwandani mjini, na mama alikuwa anajiandaa kumfuata pamoja na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Kuhusu mimi hakuna aliyesema neno. Nikiuliza kama na mimi nakwenda, naambiwa tutaona. Jamani, hiyo tutaona inamchosha mtoto!

Basi nikaamua kuwaonyesha kwamba nimekua, wasipate sababu ya kuniacha. Kwetu mtu mzima alikuwa na kisu chake cha kukunja, kimefungwa kwenye pindo la khanga. Hicho hicho kilikata vitunguu vya majani alfajiri, kikachana kamba za mgomba za kufungia mafungu, kikamenya na muwa wa kutafuna njiani. Asiye na kisu alibebeshwa mizigo tu. Nikamganda mjomba, kaka yake mama, mpaka siku ya gulio akanichukua tukachague. Mkono wangu ulikimbilia chenye mpini mwekundu, kinang'aa. Mjomba akatoa mfukoni kipande cha tupa, ile ya kunolea majembe, akakigusisha kwenye bapa karibu na mpini, muuzaji amenuna. Tupa ikauma, ikaacha alama. Mjomba akasema hicho ni laini, ukikinoa asubuhi mchana kimeshakuwa butu. Akajaribu kingine, cha kijivu, kibaya cha sura, na tupa ikateleza kama juu ya kioo. Nikachukua hicho kigumu, roho ikiniuma kwa ajili ya ule wekundu.

Loh, kilinitesa! Nilisugua asubuhi, nikasugua tena baada ya kuchota maji, makali hayaji. Mama alishaanza kufunga vyombo, kwa hiyo nilikuwa na haraka. Nilikandamiza, nikakisimamisha wima ili kilike upesi, kumbe ndivyo nilivyokuwa nayavunja makali yenyewe. Bibi akanicheka, akauliza kama nanoa kisu au nalima jiwe. Mwishowe mjomba akakaa karibu, akanishika mkono, akakilaza kisu kidogo tu juu ya jiwe. Akanielekeza nisiache jiwe likauke, nisibadilishe mlalo, nisugue upande mmoja mpaka kidole kisikie ukwaru wa chuma kilichojikunja upande wa pili, ndipo nigeuze. Kukaa pale bila kukimbia kuliniudhi kuliko njaa. Lakini ukwaru ulikuja. Nikamalizia kwenye mkanda wake wa ngozi, nikajaribu kwenye jani la mgomba, likaachana lenyewe.

Alfajiri yake nikaingia matutani na mama. Nilikata vitunguu juu kidogo ya udongo, safi, bila kung'oa mashina yanayotakiwa kuchipua tena, nikafunga mafungu yangu. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama ananitazama. Furaha ilinijaa. Nilijua nimeshinda, nakwenda mjini. Jioni tukiwa tunakula, mama akamgeukia bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

"Mama, sasa nina amani," akasema. "Huyu anaweza. Atakukatia."

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Mama alishuka na mdogo wangu mgongoni, na mimi nikaenda mtoni kunoa kisu ambacho wala hakikuhitaji kunolewa. Nilikuwa na hasira, sikujua nimkasirikie nani.

Nilihamia Kihonda, huku huku mjini kwao, nikiwa mtu mzima, mama ameshazoea kuishi bila mimi. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, ananiuliza habari za nyumbani, halafu tunatazama televisheni. Visu siku hizi vimejaa kila kona, vyembamba, vikichoka vinatupwa. Juzi binti yangu, ambaye naye yuko darasa la sita, alichukua kimoja akaanza kukata mchicha. Alikata vizuri, upesi, majani membamba. Nikamnyang'anya. Akanuna, akaniuliza, "Kwani mama unaona siwezi?"

"Huwezi," nikamwambia. "Kaa hapa hapa na mimi."