Pilipili wa Safu ya Mbele

Hebu mwone Mzee Ngadiman akiingia lango la kasri la sultani mjini Jogja: mwekundu tangu kofia iliyochongoka hadi suruali, bunduki ya kale begani, goti la kushoto limefungwa kitambaa ndani kwa ndani lisionekane. Kikosi chake ndicho hutangulia gwaride la Garebeg, sikukuu kubwa ya kasri, na watu wa mji hukiita Pilipili. Katika safu ya mbele alisimama baba yake. Sasa husimama yeye. Mtoto wa kiume hana, ila binti tu, Sari.

"Pilipili imenyauka leo!" alimtania Tukiran, mwenzake wa safu.

"Nyamaza wewe. Iliyonyauka ndiyo inayowasha."

Mazoezi yakaanza. Mwendo wao ni wa polepole: mguu unainuliwa, unaning'inia kwanza, ndipo ushuke. Goti likamsaliti. Akayumba, kitako cha bunduki kikagonga mawe. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo alipojua mambo yameharibika.

Kamanda, Raden Suryatmaja, kijana mpole, akamwita kando. "Mzee wangu, umetumika sana. Labda Garebeg hii upumzike?"

Ngadiman akainamisha kichwa. "Utakavyoona wewe, Bwana."

Kwao ndiyo adabu. Mkubwa hakataliwi papo hapo. Unamwachia neno, naye anakuuliza tena na tena, ndipo unatoa la moyoni. Ngadiman alikuwa nalo tayari ulimini: mara hii moja tu, Bwana. Akasubiri.

Lakini kamanda naye ana adabu zake. Kumuuliza mzee mara ya pili, aliona, ni kumlazimisha akiri kwa kinywa chake kwamba mwili umemshinda. Akamshika bega, akamshukuru, akaenda zake.

Nyumbani mkewe, Painem, alishika kichwa. "Baba Sari! Si urudi ukamwambie?"

"Nimwambie nini? Kwamba sikumaanisha?"

"Basi naenda mimi."

"Nenda. Ukanivue nguo mbele ya watu."

Hakwenda.

Siku ya Garebeg alisimama nje ya ukuta, nyuma ya muuza karanga. Pilipili wakapita. Safu ya mbele walikuwa wamesogeana, hata pengo lake halikuonekana. Tukiran alipita karibu kabisa, lakini askari wa kasri hageuzi shingo. Na kule nyuma, vumbini, mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa umeinuka wenyewe, unaning'inia.

Nawe ndugu yangu, ungekuwa kamanda, ungemuuliza mara ya pili?