Nilivyomzika Nyanya kwa Kiitaliano

Chuo kikuu nilichagua Kiitaliano kwa sababu darasa lilikuwa na wanafunzi saba tu, na hakuna hata mmoja wa kwetu Kitui wa kunirekebisha. Nilichopenda zaidi ni ule wakati wa vitenzi unaoishia kwa -va: cantava, alikuwa akiimba; aspettava, alikuwa akingoja. Kikamba chetu kina wakati uliopita wa leo, wa jana na wa zamani. Nikaamua -va ndio ule wa zamani, nikaumwaga kila mahali kama chumvi.

Ili nijionyeshe, nikamwandikia barua mtawa Mwitaliano aliyeendesha zahanati karibu na soko la Kabati, ambako nyanya yangu alichukua dawa za presha. Nilimsifu nyanya, yote kwa -va: alikuwa na nguvu, alikuwa akiimba kanisani, alikuwa akiningoja langoni kila likizo. Ukweli ni kwamba likizo tatu sikuwa nimefika. Nilikuwa na shughuli, hasa ile ya kuonekana nina shughuli.

Desemba nikaenda. Siku ya pili pikapu ya misheni ikaingia uani. Mtawa akashuka na shada la maua, nyuma yake wanakwaya wawili wenye nyuso za matanga. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mbaazi.

"Mama!" mtawa akasema. "Mimi nilijua wewe umekufa!"

"Nani alisema?"

Mtawa akanitazama, akatoa barua yangu mkobani. "Dawa hukuja kuchukua. Halafu huyu anaandika…" Akasoma, kidole kikifuata mstari: "Cantava. Mi aspettava." Akanieleza, kwa upole ulioniumiza zaidi, kwamba mtu aliye hai hasifiwi kwa -va tupu.

"Dawa sikuja kwa sababu huyu aliahidi atanipeleka mwenyewe," nyanya akasema. Katika ule usomaji alikuwa amesikia ile -va tu. Kwa Kikamba, vaa ni hapa. "Sista, mwambie ni kweli, niko vaa. Siku zote niko vaa. Yeye ndiye sijui huwa wapi."

Wanakwaya wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kesho yake nikampeleka zahanati, nimembebea kikapu kama mtoto mwema. Karani wa kadi akauliza mimi ni nani.

"Alikuwa mjukuu wangu," nyanya akajibu.

Mtawa, aliyekuwa akifunga mkanda wa kupimia presha, akainamisha kichwa ili nisimwone akicheka.