Mstari wa Tano

Ofisi nzima ilimwita Soketi, na jina likamkaa, maana ukimtafuta ulimkuta amechuchumaa kwenye masjala ya hospitali, kati ya kabati mbili za mafaili, anatazama plagi ukutani. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na feni iliyolalamika zaidi kuliko ilivyopuliza, na mlango mmoja ambao Soketi aliupita mara nyingi kwa siku bila kufika popote.

Kilichomfunga ni kikompyuta kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kilichomekwa moja kwa moja ukutani kama chaja ya simu, hakina kioo wala kibodi, na ndicho kilichotunza majina ya wagonjwa wote na namba za mafaili yao. Wenyewe walikiita Sabuni. Kumbukumbu yake ya ndani ilikufa zamani, ikabaki kipande kidogo tu cha kuwashia, kwa hiyo Soketi aliuhamishia mfumo wote kwenye diski ya nje, iliyolala pembeni kwa waya mfupi. Lakini Sabuni alikuwa mkaidi. Umeme ukikatika na kurudi, alijitafuta ndani mwake, akakuta patupu, akaduwaa. Hapo lazima mtu aunganishe laptopu, amkatize kabla sekunde tatu hazijaisha, amwandikie mistari minne: amsha diski, ifungue, soma mfumo, anza. Mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Kwa miaka sita umeme ulikatika ulivyotaka, na kwa miaka sita Soketi hakulala mbali zaidi ya nusu saa kutoka hospitali. Siku ya mazishi ya baba yake alipigiwa simu makaburini, akaondoka kaburi halijafukiwa. Mkewe, muuguzi, alihamishiwa mji mwingine, watoto wakaenda naye. Soketi alikwenda kuwaona kwa kuiba: anafika mchana, anakula simu ikiwa mkononi, anarudi. Mtoto wa mwisho alikuwa na salamu yake moja tu. "Baba, leo unaondoka saa ngapi?"

Mke naye alichoka. "Baba watoto," alimwambia kwenye simu, sauti ya chini kabisa, "Jumamosi njoo na mabegi yako. Kama huji na mabegi, usije."

Soketi akaomba uhamisho. Barua ikafika kwa mkuu wa masjala, mama mtu mzima waliyemwita Mama Mafaili, naye akaiweka chini ya kikombe chake.

"Nitasaini siku Sabuni atakapowaka bila wewe," alisema. "Kabla ya hapo hutoki, mwanangu. Wale wagonjwa walio kwenye benchi pale nje nitawaambia nini?"

Na hapo ndipo palipouma, kwa sababu kulikuwa na mstari wa tano. Ulikuwa mfupi, amri moja tu, ya kuiambia mashine iikumbuke ile minne. Soketi aliujua tangu siku ya kwanza. Lakini siku hiyo alikuwa kibarua wa miezi mitatu, na waliomtangulia walionyeshwa mlango mara tu kazi zao zilipokamilika. Akajisemea, wacha niuache kwanza, wakishaniajiri nitauandika. Wakamwajiri. Kila alipotaka kuuandika akaogopa swali litakalofuata: kumbe iliwezekana? Mwaka ukapita, swali likanenepa. Mjanja wetu alikuwa amejifungia ndani, na ufunguo ameukalia mwenyewe.

Ijumaa saa tatu asubuhi alichuchumaa mahali pake. Mama Mafaili akavuta kiti, akaketi nyuma yake, miwani puani. Soketi aliandika mistari minne, kisha ule wa tano. Akachomoa Sabuni, akamchomeka tena.

Hakuna kitu. Maandishi kwenye laptopu yalisema diski haionekani.

Alisoma upya, mstari kwa mstari, mpaka akaelewa, na nusura acheke. Miaka yote hiyo uzito wa vidole vyake ndio ulioipa diski muda wa kuamka. Sasa Sabuni alikuwa anajiamrisha mwenyewe, haraka haraka, diski bado ina usingizi. Akaongeza amri ya kungoja sekunde kumi. Akahifadhi. Akachomoa, akachomeka, akaweka mikono magotini ili isiguse chochote.

Diski ilinguruma. Taa ya kijani ikawaka, na kwenye meza ya Mama Mafaili orodha ya wagonjwa ikafunguka.

"Sabuni alikuwa amekosa nini?" mama akauliza.

"Mstari mmoja tu."

"Umeujua lini?"

Angeweza kusema jana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mlaini, na barua ilikuwa palepale chini ya kikombe. Lakini alikuwa amechoka, amechoka kabisa.

"Siku ya kwanza, mama."

Mama Mafaili alivua miwani.

"Hata siku ya kumzika mzee wako?"

"Hata siku ile."

Alikiondoa kikombe, akasaini juu ya duara la chai, akaisukuma barua mpaka ukingoni mwa meza bila kumtazama.

"Mimi ndiye niliyekupigia simu," alisema. "Tangu siku hiyo namwomba marehemu msamaha."

Soketi aliichukua barua kwa mikono miwili. Akatoka. Nyuma yake alisikia plagi ikichomolewa, kisha ikirudishwa, na mama akihesabu polepole. Alisimama koridoni, kwa mazoea, akingoja kuitwa. Mama alifika kumi, akanyamaza, na hakuna aliyemwita.