Jiwe Nililorusha Mwenyewe

Nimefundisha ujasiri miaka mingi katika shule ya Jumapili huku Mwika, na sikuwa na shaka kwamba ninao. Danieli na simba wake nawajua kuliko ndugu zangu. Kwa hiyo Jumapili ile tulipofika kwenye hadithi ya Daudi, nikaona kusimulia tu hakutoshi. Watoto wasuke makombeo kwa kamba za migomba, tumpige Goliathi kwelikweli.

Goliathi wetu alikuwa gogo la mgomba lenye ndoo kichwani, tukamsimamisha nyuma ya kanisa. Watoto walirusha, mawe yakaangukia miguuni mwao. Mmoja alijipiga goti. Mimi nina haraka tangu kuzaliwa, na mtu akifanya kazi vibaya mbele yangu ananitesa. Nikamnyang'anya kombeo binti mmoja wa miaka minane.

"Tazameni! Anayemtumaini Mungu anarusha hivi."

Jiwe likapita juu ya ndoo, likapita juu ya ua wa mimea ya masale, likaingia kihambani, kwenye shamba la migomba la jirani. Tukasikia kitu kimepasuka, kisha kitu kinamwagika kwa muda mrefu, kisha sauti ya mtu.

Jirani huyo ni mzee Mkatoliki, mrefu, mkali, ambaye watu humwamkia wakiwa bado mbali ili wapite upesi. Alitokea penye ua akiwa amelowa mpaka magotini. Mtungi wa udongo alioachiwa na mama yake, uliojaa mbege, pombe yetu ya ndizi, ya ubatizo wa mjukuu, ulikuwa vipande.

"Nani?" akauliza.

Watoto wote wakanitazama. Nami, mtaalamu wa Danieli, nikajisikia nikisema, "Shikamoo babu. Watoto hawa, babu. Si unawajua watoto?"

"Basi kuanzia leo hakuna mtoto atakayekatiza kihambani kwangu. Kama ninyi Walutheri mmeamua kutupiga mawe Wakatoliki, zungukeni barabarani."

Barabarani kuna malori na bodaboda. Wale wadogo wa upande wa chini, waliozoea kuja kanisani kwa kukatiza kihamba hicho, mama zao wasingewaruhusu kamwe kupita huko. Nusu ya darasa langu ilikuwa imekwenda na mbege. Nikamrudishia binti kombeo lake, nikaomba mmoja atufungie kwa sala. Akajitolea binti huyohuyo.

"Ee Mungu," akasema, kafumba macho kwa nguvu, "wewe unamjua aliyerusha. Sisi hatutamsema. Mpe ujasiri na yeye, maana anatufundisha vizuri. Amina."

"Amina!" wakaitikia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nikisali mimi.

Siku tatu chakula hakikupita. Nilikuwa na hasira na mzee, na watoto, na Daudi mwenyewe, lakini zaidi niliona aibu. Jumatano mchana nikaenda. Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na aliyepelekewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nakiri nililitegemea jani hilo kuliko nilivyomtegemea Mungu. Kwa woga nikasahau kulichuma nyumbani, nikakumbuka nimeshafika. Nikachuma la karibu. Njiani nilikuwa nimekutana na yule binti akitoka kukata majani ya ng'ombe, naye akanifuata na mzigo wake kichwani bila kualikwa.

Mzee akalitazama jani kabla sijafungua kinywa.

"Mwalimu, hili umelichuma wapi?"

"Hapo... kwenye ua."

"Ua wa nani?"

"Wako, babu."

"Yaani umenivunjia mtungi, umenichumia na sale, halafu unaniomba msamaha kwa mali yangu mwenyewe?"

Nikashtuka. "Babu, umejuaje kama ni mimi?"

"Mtoto gani ana mkono wa kufikisha jiwe pale? Nilijua siku ileile. Nilikuwa nangoja nione kama utawaachia wabebe lawama."

Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. "Ni mimi, babu. Na nikawasingizia. Hilo la pili ndilo baya zaidi."

Akaligeuzageuza jani. "Sale halikataliwi," akasema, "hata likiwa la wizi. Watoto wapite." Kisha akamgeukia binti. "Hivi siku ile mlikuwa mnafundishwa nini?"

"Ujasiri," akajibu.

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

Tulipokuwa tunarudi, binti akaniuliza mbona nililia mbele ya mzee. Nikamwambia niliogopa sana. Akasimama njiani, mzigo ukayumba. "Kumbe na mwalimu anaogopa?"

Habari hiyo aliifikisha kwa wenzake wote. Jumapili iliyofuata watoto wa upande wa chini walikuja kupitia kihambani, wote, na kabla sijafungua Biblia mikono ikawa juu. Huyu anaogopa mbwa, yule hesabu, mwingine sauti ya baba yake. Mwisho akasimama mtoto mmoja mdogo ambaye hakuwahi kusema neno darasani, akasema anaogopa kwenda chooni usiku peke yake.

Nikamwambia hata mimi huwa naimba njia nzima.