Injini ya Kidege Hainunuliwi kwa Mlio

Nakumbuka mnada mmoja wa Ikungi, enzi hizo sina hata baiskeli, nilivyoamka kabla ya jogoo nikawa nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwanangu, mimi unayeniona leo na mashine za kukamua alizeti hapa Iguguno, darasa la saba sikulimaliza. Lakini kidege changu, ndege ndogo ya mchezo, nilikichonga mwenyewe kwa mbao nyepesi, nikakitilia nyaya mbili za kukishikia, ili mrushaji asimame katikati nacho kimzunguke angani. Hakuna kijana wa Singida aliyenifikia, na hapo sijisifu, nasema tu. Kilichokosekana ni injini.

Injini mbili za videge alikuwa nazo Fundi Shabani, mtengeneza pampu pale mnadani. Aliachiwa na padri mgeni aliyehama. Moja ilikuwa kama ngumi ya mtu mzima, nyingine ungeificha kiganjani. Mimi nilikuwa na beberu wa kubadilishana, ndiye mali yangu yote. Nikikosea, sina beberu, sina kidege. Nikaenda na Mjomba Njiku, mfundisha maksai, maana beberu huyo alinipa yeye.

Fundi akawasha ile kubwa. Ikanguruma mpaka wauza vitunguu wakageuka. Nikaanza kumfungua beberu kamba.

"Unanunua nini?" mjomba akauliza.

"Injini, mjomba. Si unaisikia?"

"Naisikia. Debe tupu nalo nalisikia."

Fundi Shabani akacheka. "Mzee, mwache kijana. Hii ingekurusha hata wewe."

"Mimi sina safari ya huko juu. Kidege kiko wapi?"

Nikasema kiko nyumbani, si mbali na mnada. Akaniangalia kama anavyomwangalia dume aliyevunja nira. Kwetu, mwanangu, maksai wa plau hanunuliwi peke yake. Unakuja mnadani na yule uliye naye, unawafunga nira moja, unawatembeza, ndipo unatoa mali. Ukimfunga mnyonge na mwenye nguvu za kupita kiasi, plau haiendi mbele, inapinda.

"Kilete," mjomba akasema. "Beberu anabaki na mimi."

Nilikimbia, nikirudi nakimbia, kichwani namwona mtu mwingine keshaichukua ile kubwa. Hata maji sikunywa. Tukaifunga puani mwa kidege kwa mpira wa tyubu, nikakiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa. Kikainamisha pua kama ng'ombe anayenusa magadi. Tukafunga ndogo. Kikatulia, sawasawa.

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," mjomba akamwambia fundi, si mimi.

Fundi naye, kwa shingo upande, akaniambia nizungushe pangaboi la ile ndogo kwa kidole, taratibu. "Inakukatalia?"

"Inakataa, halafu inazunguka ghafla."

"Basi ina pumzi, haivuji. Chukua," fundi akasema, nami nikamkabidhi beberu.

Vijana wa mnadani waliniita Bwana Cherehani, kwa mlio wake mwembamba. Jioni ile ile kidege kilipaa, nyaya zimekaza mkononi, nikazunguka nacho hadi watu wakawa michirizi machoni pangu. Hakikuanguka, nami sikuanguka. Walionicheka wakaja kuomba kushika nyaya, na mimi nikawa nachagua: huyu ndiyo, huyu hapana.

Sasa juzi umenionyesha kwenye simu injini unayotaka kuagiza, unaisifia kasi, na tangu hapo nakaa nainuka. Kidege chako umekipima? Nakuomba, usianze na injini. Anza na kile ulichonacho, ujue uzito wake na kinachokitosha, ndipo ukitafutie wa kukivuta. Anayekuuzia akikukataza kujaribu, mwachie mali yake uondoke, hata kama watu wanakutazama. Fanya hivyo kwa injini, kwa biashara, na siku ukitaka kuoa fanya hivyo pia.

Mungu akunyooshee mkono, akupe macho ya kupima na masikio yasiyodanganyika. Utakachokirusha kipae, na wewe usimame imara katikati yake. Amina.