Waliokunywa Munkoyo Wetu

Katika nyumba yetu ya Kasulo, mtaa mmoja wa mji wa Kolwezi kwetu Kongo, ukikaa sakafuni mchana na kunyamaza, ulisikia kugonga. Sauti ilitoka chini, kwa mbali, ko ko ko, kisha kimya, kisha ko ko ko tena, na ukiweka kiganja juu ya saruji ulihisi ikitetemeka kidogo. Nilikuwa na miaka kumi. Watoto wengine wana kumbukumbu ya mvua juu ya mabati. Mimi nakumbuka sururu chini ya makalio yangu, nikiwa nimekalia mkeka nachambua mahindi. Mama aliniambia ni watu wa jirani yetu, Tata Kabulo, yaani Baba Kabulo, ambaye alikuwa amevunja sakafu ya sebule yake na kuchimba shimo la kobalti humo ndani, na kwamba udongo hupeleka sauti mbali. Nilimwamini, kwa sababu yeye mwenyewe aliamini.

Tulikuwa tumefika Kolwezi mwanzoni mwa kiangazi kile tukitokea Lubudi. Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni pale stesheni, na treni zilipokuwa adimu alibaki akienda kazini kupaka mafuta vyuma ambavyo hakuna kilichopita juu yake. Aliyetaka mji ni mama. Njia nzima, tukiwa juu ya lori la mkaa, alituhesabia mazuri ya Kolwezi kana kwamba ndiye aliyeijenga. Kuna umeme, alisema, na kweli ulikuwepo, ingawa ule wa bwawa la Nzilo ulitupita juu ya vichwa ukienda migodini. Kuna shule zenye madawati. Kuna daktari wa kila siku, si wa kusubiriwa mpaka Alhamisi. Kuna barabara ambayo malori hayakatiki, na ukiamka asubuhi na kitu cha kuuza, saa nne unaosha sufuria. Baba alisikiliza huku ameshika sanduku lake la vifaa kati ya miguu. Hakubisha. Alikuwa mtu wa kuchoka kabla hajaanza kubishana, na nadhani tabia hiyo nimeirithi.

Mama alipokuwa akitafuta pa kupanga hakuangalia nyumba, aliangalia maji. Alikataa nyumba mbili zenye dari nzuri, akachukua ile yetu iliyopasuka ukuta mmoja, kwa sababu ndani ya lupangu, yaani kiwanja chetu kilichozungushiwa ua, kulikuwa na kisima. Kazi yake ilikuwa munkoyo, na munkoyo bila maji mazuri ni uji ulioharibika. Alipika uji wa mahindi mwepesi kwenye pipa lililokatwa, akauacha upoe, akatia maji ya mizizi aliyoiponda, akaufunika kwa kitambaa mpaka kesho yake. Asubuhi ulikuwa umechangamka, mtamu na wenye ukali kidogo puani, na nyumba nzima ilinuka mahindi na mizizi. Kazi yangu ilikuwa kuchota. Niliteremsha ndoo kwa kamba ya nailoni, nikangoja ilegee, nikavuta. Maji yalikuwa baridi hata meno yaliuma, na mama alipenda kuwaambia wateja kwamba yeye haongezi barafu, kisima kinamfanyia.

Wateja wenyewe walikuwa wachimbaji. Walitoka Kasai, Kongolo, Malemba, hata kwingine ambako sikuwa nimepata kusikia, vijana wenye nyusi za kijivu kwa vumbi. Walipanda kutoka mashimoni chini ya maturubai ya rangi ya chungwa, wakaja moja kwa moja kwenye benchi letu, wakanywa bila kusema hadi kikombe cha pili. Wengi walikuwa wa Tata Kabulo. Mama aliwatania, akawauliza kama wanaoga au wanasubiri kuoa ndipo waoge, nao walicheka wakimwita mama. Baba aliketi upande wa pili wa ua akitengeneza baiskeli zao, zile za kubebea magunia, ambazo zilivunjika kila siku. Kwa miezi mitatu tulikuwa watu waliofanikiwa. Nilipata viatu. Mama alianza kusema habari za kununua lupangu ile badala ya kuipanga, na kila aliposema hivyo baba aliinamisha kichwa kwenye gurudumu. Alikuwa amemwambia mama wazi kwamba tutajaribu kiangazi kimoja. Mji ukitukataa, turudi sote.

Kisha maji yakaanza kushuka. Kwanza mama alifunga kipande cha kamba mwishoni mwa kamba, kisha kipande kingine, na mimi nilijifunza kupitisha mafundo vidoleni bila kuchubuka. Mama alisema ni kiangazi, maji hushuka kila mahali. Mvua zikaja, zikafanya matope hadi vifundoni, watu wakaacha viatu barabarani, na kisima chetu hakikupanda hata kidogo. Ndoo ilirudi na tope la kijivu, halafu ikarudi na kelele ya bati likigonga mawe. Mama akaanza kuniamsha alfajiri nikapange foleni kwenye bomba la mtaa wa juu. Sijui kama kuna kitu kinachochosha kama kubeba maji kuyaleta kwenye nyumba yenye kisima.

Hapo ndipo Mukendi alipokuja na wazo lake. Alikuwa kijana wa Kasai, mpole, kiongozi wa kikundi cha watu wanne ambao shimo lao lilikuwa limejaa maji ya mvua. Alisimama juu ya kisima chetu, akatupa jiwe, akasikiliza.

"Mama Feza," alisema, "mu Kasulo kila mutu anaanza yulu. Weye uko tayari chini. Utuachie tuendelee, mawe ya kobalti tutagawanya."

Baba aliinuka kwenye baiskeli zake. "Ile ni kisima, haiko shimo ya mawe."

"Mayi ilishaisha, Tata Feza," mama akamjibu. "Tungoye nini?"

"Tungoye mayi."

Nilimwona mama akifikiri. Leo ni rahisi kusema alikosea, lakini katika mtaa ule hakuna ambaye angefikiri vingine. Pande zote watu walikuwa wakitoboa jikoni, chumbani, chini ya kitanda cha mgonjwa. Kuwa na shimo lililokwisha kuchimbwa na kuliacha hivi hivi kulionekana uvivu. Kilichonishangaza ni kwamba alimgeukia baba, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba mawe yakitoka tutanunua nyumba, na yasipotoka atarudi naye Lubudi bila neno. Baba akaketi. Aliifahamu ahadi hiyo kuliko alivyofahamu kobalti, na nadhani tangu siku ile aliomba Mungu yasitoke.

Walichimba siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, mchana, mtu wa Mukendi aliyekuwa chini alipiga kelele, tukakimbilia ukingoni sote, mama akiwa na mwiko mkononi. Sururu yake ilikuwa imepita ukuta ikaingia hewani. Alikuwa ametoboa njia ya watu wengine, njia pana iliyoegemezwa miti, tupu, iliyokwisha kutolewa kila jiwe la kobalti. Ilitoka upande wa Tata Kabulo, ikapita chini ya sebule yetu, chini ya jiko, chini ya benchi la wateja, ikaendelea. Maji ya kisima yalikuwa yamevujia humo, na wao wakayavuta kwa mashine na kuyamwaga barabarani. Miezi yote ile walikuwa chini yetu, na jioni walipanda, wakakaa juu ya mahali palepale walipokuwa wakipachimba, wakanywa munkoyo wa maji yetu.

Tata Kabulo alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi hadi leo. "Unisamehe, Mama Feza," alisema. "Kule chini hakuna lupangu. Batoto banafwata mawe tu, habajue ku yulu kuko nani." Mama alipangusa mikono kwenye kitenge. Kisha akamchotea kikombe, kwa sababu ilikuwa saa ya kuuza.

Baba alifunga sanduku lake siku ya tatu. Lori lilisimama barabarani, dereva hakuzima injini. Baba alisimama mbele ya mama akingoja atimize neno lake.

"Tukwende. Mashamba iko, mayi iko."

Mama alikuwa akichuja. Hakuinua uso. "Lubudi nitauzisha nani? Kule kila mutu anakunywa munkoyo ya mama yake. Huku batu biko bengi, na bamama yabo biko mbali."

Baba akanigeukia. "Na weye, Feza?"

"Mi nabakia na mama."

Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba nilimhurumia mama. Si kweli. Shuleni Kolwezi nilikuwa na dawati langu, na barabarani kila siku kulipita kitu kipya. Baba alinishika kichwa, akapanda lori. Nilirudi ndani kabla halijakata kona.

Mama yuko hai bado, na bado anauza. Tuliuacha mtaa ule zamani. Sasa ana kibanda karibu na soko na ananunua maji ya bidoni, yaani ya madumu. Mji umekua kuliko alivyotuahidi juu ya lori. Una mahoteli, lami, benki, Wachina, madereva wa Tanzania wanaocheka Kiswahili changu ninapowagongea mihuri kwenye ofisi ya malori ninakofanya kazi. Ndugu wa Lubudi wakinipigia simu kuuliza kama waje, nawaambia waje, kuna pesa, kuna kazi, na yote hayo ni kweli. Baba hajakanyaga tena hapa. Nikimpigia ananieleza habari za mahindi.

Mimi na mama tumekaa miisho miwili ya mji huu. Jioni natoka kazini miguu imevimba, foleni ya malori imefunga barabara, na sina nguvu ya kuvuka hadi kwake. Nasimama kwa mama mmoja hapo mtaani, nakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nakunywa munkoyo wake. Jina lake silijui. Juzi alinionea huruma, akaniuliza mama yangu yuko kijiji gani.

"Iko hapa hapa," nilimjibu, "mu Kolwezi."

Akashusha kata, huruma ikamtoka usoni, kisha akamgeukia mteja mwingine.