Kipande cha Shaba cha Ardis Kvam

Kila Agosti, kwenye maonyesho ya mashine za kale za shamba huko Iowa, Verlyn Tostrud huketi nyuma ya makopo ya kahawa yaliyojaa chuchu za grisi, vile vichwa vidogo vya chuma vinavyopitisha grisi kwenda kwenye beringi za mashine. Mkulima humletea kimoja kimeviringishwa kwenye leso kama kitoto kichanga. Verlyn hukikwangua, hukinusa, hukilamba, kisha hutoa hukumu: mashine ya kupandia mahindi, gurudumu la kushoto, kabla ya vita. Neno "sijui" halijapata kumtoka, naye aliapa kwamba siku likimtoka atakunja meza asirudi tena.

Ndipo Ardis Kvam, mjane wa ng'ambo ya mto, alipokuja na gauni jipya, pai ya tufaha, na kipande cha shaba chenye tundu katikati.

"Hiki cha mashine gani, Verlyn?"

Akakilamba. Ladha ya sabuni! "Niachie mpaka mwakani," akasema, jasho likimtoka.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Verlyn akakonda.

"We mzee, amka!" jirani yake Merle akamfokea. "Huyo mama hana shida ya grisi!"

"Haiwezekani. Kila mashine ina shida ya grisi."

Mwaka wa tatu Verlyn alifumbua mdomo aliseme lile neno la aibu. Ardis akamkatiza. "Usiseme bado. Njoo kwangu ukitafutie mahali pake."

Akaenda na pampu yake ya grisi. Alitambaa chini ya jembe la trekta, akapaka grisi bomba la kisima, lango, toroli, na baiskeli ya marehemu, Ardis akimfuata na kikombe cha kahawa kinachopoa. Jua lilipozama aliingia jikoni kunawa, akaona droo ya vijiko inavutwa kwa kamba. Akajaribu kile kipande. Kikakaa barabara.

"Kishikio cha droo!" Nusura acheze. "Miaka yote hii unavuta kamba?"

"Yote."

Heshima yake ilikuwa imepona. Akachukua kofia aage. Ardis akakifungua kile kishikio, akakitupa dirishani, katikati ya mahindi.

"Kimepotea," akasema.

Verlyn akalitazama shamba, kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza akamwona. Akarudisha kofia msumarini.

"Shamba kubwa hili, Ardis. Tutakitafuta mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka, Verlyn. Keti ule."